Buti Namba Tisa

Jumanne, saa moja unusu usiku, nafungua bohari.
Taa za mirija huwaka kwa kusitasita,
kama mtu aliyeulizwa umri wake.
Kipasha joto kimekufa tangu Oktoba;
barua ya kuomba fundi iko Edinburgh, au Inverness,
au iko njiani kati ya meza na meza.

Mimi ni Sajini Murdo Swanson, jeshi la akiba,
mji wa Wick, kaskazini kabisa mwa Uskoti,
ambako miti iliuona upepo ikaghairi kurefuka.
Mchana nauza rangi na misumari.
Jumanne napima miguu ya watu.

Mwaka jana niligawa jozi kumi na nne.
Zimerudi kumi na moja.

Za Gregor Bain zililetwa na mkewe, ndani ya mfuko wa dukani.
Hakuzima hata injini.
"Wikiendi mbili kila mwezi," akasema, "na mtoto anaota meno."
Nikatia sahihi. Ningesema nini?

Za Ishbel Manson zilikuja zimeng'arishwa
hadi niliiona dari ndani yake.
Msimamizi wa kiwanda cha samaki alimwambia achague:
zamu ya Jumamosi, au gwaride.
Akaniomba radhi mimi, akifuta pua,
kana kwamba nchi ni mimi.

Za kijana Fraser hazikutoka kwenye boksi.
Alijiandikisha Februari, ana hamu ya moto;
daktari akataka cheti, cheti kikataka muhuri,
muhuri ukamtaka mtu aliye likizo.
Walipompigia simu Desemba
alikuwa Aberdeen, anapaka meli rangi, keshaoa.

Ndipo wakubwa wanapanda kutoka kusini
na bango: mtu anaruka kutoka helikopta,
meno meupe, moshi wa zambarau.
"Tunataka vijana thelathini kabla ya kiangazi."
Nawauliza, wa kuwatia wapi?
Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi,
lakini mchukuzi hapa ni mimi,
na sijaona nafuu.
Bango halisemi posho ya Machi ilifika Juni.
Halisemi chochote juu ya birika.

Una Bremner huendesha lori la taka.
Miaka kumi na sita hajakosa Jumanne,
ila ile moja aliyovunjika kidole.
Nikamuuliza kwa nini. Akafikiri, huku akikaza kamba.
"Mama alipokufa, koplo alikuja na supu.
Hakusema kitu. Alikaa, akaosha sufuria, akaenda zake."
Ni hilo tu?
"Na ule usiku wa mafuriko, nilipogonga kwa bibi mmoja,
alikataa boti mpaka aniulize mimi mtoto wa nani."
Akanyamaza.
"Halafu, Murdo, nyumbani kwangu hakuna anayenisikiliza."

Makao makuu walileta fomu: *Nini huwafanya watu wabaki?*
Nafasi ya jibu, mistari miwili.
Niliandika: supu.
Ikarudi na wino mwekundu: *fafanua.*

Akiba haiozi, husemwa.
Aliyesema hakuwahi kutunza ngozi.
Buti isiyovaliwa hukakamaa, nyuzi huachia,
soli hubanduka yenyewe gizani, rafuni,
bila kutembea hata hatua moja.

Saa mbili na dakika tano, mlango.
Msichana, sare ya duka la kuku, nywele zinachuruzika mvua.
"Nimechelewa?"
Umechelewa. Ingia. Namba ngapi?
"Tisa," anasema, kwa aibu. "Miguu ya baba."

Namtolea za Gregor.
Fundo la Gregor bado limekaza kwenye kamba;
anapambana nalo kwa kucha, kisha kwa meno.
Fomu zake nazificha chini ya daftari. Zitangoja.
Una hasemi kitu,
anasogeza kiti chake kidogo
kutoka kwenye birika.